Shikamoo, Prof

Wametambuliwa walimu walezi bora chuoni, na Profesa wangu yumo. Nimelia kwa furaha, sifichi.

Nilikuwa mwaka wa tatu pale Muhimbili, siku zangu za mwanzo kuzunguka wodini. Nikasimama miguuni pa kitanda na faili mkononi: "Mgonjwa wa kitanda namba tisa, presha..." Prof akaninyamazisha kwa mkono, taratibu. Akavuta kiti, akaketi. "Shikamoo bibi. Umeamkaje? Nyumbani unaishi na nani?" Bibi akafunguka. Kumbe vidonge vya presha alikuwa akivikata nusu ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimemhoji dakika ishirini na hilo sikulipata.

Hakunigombeza. Alinisogezea kile kiti tu.

Tasnifu yangu aliirudisha mara nne, wino mwekundu kila ukurasa, lakini pembeni aliandika pia: "Hapa umefikiri vizuri." Zile karatasi ninazo mpaka leo.

Madaktari wamekuwa wakifundishwa Muhimbili tangu 1963, na tangu 2007 ni chuo kikuu kamili. Majengo na vifaa tunavisifia sana. Lakini mtu anayebaki wodini saa kumi jioni, zamu yake imekwisha, akimwelekeza mwanafunzi namna ya kusikiliza moyo? Huyo cheti kilimchelewa.

Prof, sasa nami nina wanafunzi. Jambo la kwanza ninalowaambia wakifika kitandani: vuta kiti, msalimie kwanza.