Kete ya Ishirini na Mbili

Januari 2018, siku chache baada ya sherehe za Mapinduzi, nilipimwa sukari asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, na mashine ikasoma 11.4. Daktari akaniambia kuwa kwa kipimo cha njaa, mtu akifika 7 keshahesabiwa mgonjwa. Akaniandikia vidonge vya metformini, akanipunguzia wali na chapati, kisha akanipa dawa ya tatu ambayo haiuzwi dukani: nitembee kwa miguu, mwendo wa haraka, dakika 150 kila wiki. Kidonge unakimeza na maji, kimeshapita. Kutembea lazima uinuke kitini, na mimi nilikuwa na miaka 52, asubuhi kiti cha ofisini, jioni baraza ya Soko Muhogo, hapa Mji Mkongwe wa Unguja.

Nilijua kwamba bila ya kitu cha kunivuta nisingefika popote. Hilo nilikuwa nalo tangu chuo cha Kurani. Tulipokuwa watoto, kila mmoja wetu akihitimu juzuu, mama, Mungu amrehemu, alimkatia kipande cha halua cha peke yake, asichotakiwa kumgawia mtu. Juzuu Amma niliimaliza mbio kwa sababu ya kile kipande. Basi nikajipangia vivyo hivyo: nikitembea siku tano, Ijumaa baada ya sala napita Darajani najinunulia halua ya Pemba, ile inayofungwa kwenye kikapu kidogo cha ukili.

Na nilitembea kweli. Wiki tano sikukosa hata siku moja. Nilipokwenda kupimwa tena nilikuwa na furaha ya mwanafunzi anayengoja matokeo. Mashine ikasoma 11.1. Mke wangu, ambaye muda wote huo alikuwa kimya, tulipofika nyumbani akasema, "Mume wangu, unateka maji kwa ndoo uliyoitoboa mwenyewe."

Alikuwa na haki. Nilikuwa najilipa kwa kitu kile kile kilichonitia ugonjwani. Tangu hapo nimeona watu wengi wakiteleza hapo hapo: mtu anajaza kibubu miezi sita, siku ya kukivunja anajipongeza kwa karamu inayokula nusu ya akiba.

Nikaacha halua. Na miguu nayo ikagoma. Wiki mbili sikutoka nje isipokuwa kwenda kazini, msikitini na barazani.

Kilichoniokoa kilikuwa mbele ya macho yangu kila jioni. Mimi ni mtu wa bao. Nacheza bao la Kiswahili tangu nilipokuwa kijana, mashimo 32 na kete 64, na hakuna kitu kinachonituliza moyo kama ule mlio wa komwe, ndizo kete zenyewe, zikidondoka shimoni moja moja. Jioni moja, nikiwa njiani kuelekea barazani, nikajiuliza: kwa nini nilipwe bao kabla sijafanya kazi yoyote? Nikaweka sharti. Hakuna bao mpaka nitembee. Sikujiongezea kitu kipya wala sikutoa senti. Nilichukua kitu nilichokuwa nakipata bure, nikakifungia, na ufunguo wake ukawa ile safari.

Kutoka kwangu Kikwajuni hadi Soko Muhogo, ukikata Vuga, hazifiki dakika kumi na tano. Mimi nikaanza kuzunguka. Baada ya Alasiri nateremka Maisara, nafuata bahari hadi Shangani, napita Forodhani, ndipo naingia vichochoroni mpaka pale wanapopaita Jaws Corner, shati limeloa jasho na bao linaningoja. Ijumaa ilikuwa mbali, halua ilikuwa na siku yake. Hili lilikuwepo kila siku, mwisho wa njia yenyewe. Kabla ya Ramadhani ya mwaka ule mashine ilisoma 7.6, na daktari akanipa mkono.

Lakini ninachotaka kukisimulia hasa kilitokea kabla ya hapo, katika masika, mwezi nane Shaaban, yaani siku ya nane ya mwezi huo.

Mpinzani wangu alikuwa mzee tuliyemwita Maalim. Ujanani alikuwa baharia wa majahazi, kisha akaja kusomesha chuoni. Magoti yalikuwa yamemwisha. Pale alipokaa na Forodhani ni mwendo mdogo tu kwa mtu mzima wa afya, lakini yeye alikuwa na miaka miwili hajaiona bahari. Kwa hivyo kila siku, tukishanamua, yaani kutia shimoni kete za mkononi, mbili tatu, huniuliza bila ya kuinua uso: "Haya, bahari ikoje?" Nami humweleza: upepo unatoka wapi, maji yamejaa au yametoka, boti gani inaingia. Akisharidhika ndipo mchezo unaanza khasa.

Nyumbani nilikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga. Kila siku niliyotembea nilitia komwe moja. Katika bao kila mchezaji huanza na kete 10 zilizokwisha pangwa na 22 mkononi, basi nikaweka ahadi kwamba nikifikisha 22 bila ya kuruka siku, nitajinunulia bao langu mwenyewe, la mninga. Seremala nilishamwona na arubuni nilishampa. Siku ile kopo lilikuwa na komwe 21.

Mvua ilianza kabla ya Adhuhuri na haikukatika. Baada ya Alasiri nilisimama mlangoni na mwavuli, natazama maji yanavyoporomoka kutoka kwenye mabati, na moyoni nikafanya hesabu ambayo sikupaswa kuifanya. Nani atajua? Komwe ni zangu, kopo ni langu, mlipaji ni mimi na mlipwaji ni mimi. Nikakata Vuga. Nikafika barazani viatu vikiwa vikavu.

Maalim alikuwa amelisogeza bao chini ya upenu, wenzetu wengine wamejibanza na vikombe vyao vya kahawa. Tukapanga. Akanamua, nikanamua. Akachukua kete nyingine, akawa ameishika baina ya vidole viwili, imechakaa hata imekuwa laini kama jino.

"Haya, bahari ikoje?"

"Maji yamejaa, Maalim. Yanapiga ukuta."

Kete haikushuka. Alibaki ameishika juu ya shimo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila shaka ili wenzetu wasisikie:

"Mwezi nane leo, mwanangu."

Sikufahamu. Akaendelea: "Maji mafu haya. Saa hizi yako nje. Na hata yakijaa, siku kama ya leo hayafiki kuupiga ukuta." Akaifumba ile kete kiganjani. "Kama umechoka kwenda, niambie umechoka. Mimi kule sina macho mengine."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikuwa nimejihesabia kwamba uongo ule unaishia kwenye kopo langu, kumbe nilikuwa nimempelekea mzee wa watu bahari ambayo haipo. Nilitaka kuomba radhi na maneno yakakwama. Nikainuka, nikasema, "Narudi, Maalim," nikatoka.

Nilirudi kwa Vuga mpaka Maisara, kwa sababu huko ndiko njia yangu ilikoanzia na sikutaka tena kuipunguza. Uwanja ulikuwa dimbwi moja. Matope yalinifika vifundoni. Karibu na Shangani upepo ukaupindua mwavuli na vijiti viwili vikavunjika, nikaukunja nikaushika mkononi kama bakora. Sikukutana na mtu yeyote ila kijana mmoja wa baiskeli aliyejifunika mfuko wa nailoni kichwani.

Ufukweni nilisimama kwa muda. Siku zote nilikuwa naipita bahari nikiitazama kwa jicho la pembeni, nione cha kusema basi. Siku ile niliitazama kama mtu aliyetumwa. Maji yalikuwa nje, kama alivyosema. Mchanga ulikuwa wa kahawia kwa mvua, na maji ya mifereji yaliukata vijito vijito. Mashua tatu zilikuwa zimelala ubavu. Mbali hapakuonekana kitu, mbingu na bahari zimekuwa rangi moja ya kijivu. Forodhani hapakuwa na wale vijana wanaojirusha majini, palikuwa na paka mmoja tu chini ya meza ya muuza urojo.

Nilipofika barazani ilikuwa karibu na Magharibi na watu wameshatawanyika. Maalim alikuwepo. Alikuwa amelifunika bao kwa kipande cha nailoni, na yeye amekaa pale pale, mkono mmoja umefumbwa juu ya goti. Nilikaa mbele yake, maji yananichuruzika mpaka sakafuni.

"Maji yako nje," nikamwambia. "Ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Kuna mashua tatu zimelala pale Shangani."

"Zimelalia upande gani?"

Nikafikiri. "Upande wa bara."

"Tanga zimekunjwa?"

"Zimekunjwa. Moja imefungwa na mlingoti wake, mbili zimewekwa chini."

Akatikisa kichwa pole pole, macho ameyafumba, na nikamwacha azione. Muadhini alikuwa ameanza kukohoa kwenye kipaza sauti. Maalim akaifunua ile nailoni. Kete zilikuwa kama tulivyoziacha, hakuna hata moja iliyotoka shimoni mwake. Akafungua kiganja, na kumbe ile kete bado alikuwa nayo. Akaitia shimoni, akala kete zangu tano, akazitawanya moja moja mpaka ya mwisho.

"Haya," akasema, "tukitoka kuswali zamu yako."