Milio ya Mwisho wa Mshale: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Jioni ya kwanza

Redio yangu ni ya mshale na kitufe cha kuzungusha, na kwenye mawimbi ya kati namba zake zinaanzia kilohezi 530. Nikizungusha mpaka mshale ugote, stesheni zote huisha, ubaki mkoromo mtupu. Ndani ya mkoromo huo kuna kitu kinalia: pi, piii, pi, pi. Kinatulia kidogo. Piii, pi, pi. Kimya, kisha kinarudia yale yale. Nimekisikia miaka mingi nikakipita tu. Leo nimeshika penseli: mlio mfupi nukta, mlio mrefu kistari. Mara tano mfululizo nimepata kitu kilekile. Kwa alfabeti ya Morse, hizo ni L na D.

Jioni ya tatu

Nimeshapata jibu, na limenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Ni mnara wa kuongozea ndege. Minara hii hurusha mawimbi pande zote, mingi ikiwa chini ya stesheni za matangazo, na kila mmoja hutaja jina lake kwa herufi mbili au tatu za Morse, usiku na mchana. Rubani anasikiliza herufi ili ahakikishe ameshika mnara anaoutaka, huku sindano kwenye chombo chake ikimwonyesha ulipo. Kumbe muda wote huo kulikuwa na mtu anajitambulisha, nami nikidhani ni ubovu wa redio.

Wiki ya pili

Nilitaka kushuka chini zaidi ya pale mshale unapogota. Nikatoa betri, nikafungua redio. Ndani kuna vikopo vidogo vya bati vyenye viini vya rangi: njano, nyeupe, cheusi, na kimoja chekundu. Chekundu ndicho koili ya osileta, kinachoamua redio ishike masafa gani. Nilikiwekea alama ya kalamu mahali kilipokuwa, nikakizungusha robo mzunguko kuingia ndani, taratibu, kwa bisibisi ya plastiki (ya chuma huvuruga masafa ukiisogeza tu). Kiini hiki ni dhaifu, kikipasuka ndiyo basi.

Gharama yake ni kwamba sasa stesheni zote za kawaida zimehama kwenye namba zake. Siyo hasara kwangu. Nimepata mlio wa pili, mzito zaidi kuliko wa kwanza. Minara hutumia sauti ya hezi 1020 au hezi 400, na sikio linazitofautisha bila shida.

Wiki ya tatu

Kazi ya kutafuta upande ndiyo iliyonishika kabisa. Antena ya mawimbi ya kati ni kile kijiti cheusi cha feraiti kilicholala ndani ya redio. Ncha yake ikielekea kwenye mnara, mlio unafifia hadi unapotea. Ukigeuza redio ubavu, unarudi kwa nguvu. Nimeizungusha juu ya meza polepole kama anayetafuta kibla, nikachora mstari kwenye karatasi pale mlio ulipozama. Mstari pekee hausemi kama mnara uko mbele au nyuma, hivyo nilirudia mahali pengine, mbali na pale pa kwanza. Mistari miwili ikakatana. Nimefanya hivyo mchana kwa makusudi, maana usiku mawimbi hurudi kutoka angani na pale mlio unapozama panatawanyika, hapashikiki.

Dokezo: zima chaja za simu na taa za LED kwanza. Milio miwili niliyoiandika daftarini kwa shangwe ilitoka kwenye chaja yangu. Nimeifuta.

Wiki ya nne

Kwenye FM nako kuna milio, lakini imejificha upande usiotarajiwa. Juu ya megahezi 108 ndipo vinapoanza vituo vingine vya kuongozea ndege. Redio nyepesi hushindwa kuzuia masafa yaliyo megahezi 21.4 juu ya pale ulipoiweka, kwa hiyo kituo cha 110.4 kinaweza kupenya kwa unyonge ukiwa 89. Mimi nimekisikia hapo, herufi tatu zikirudi kila sekunde kumi hivi.

Jirani kidogo na L na D ipo kilohezi 500, ambayo meli ziliitumia kuomba msaada kwa Morse hadi mfumo mpya ulipochukua nafasi yake kikamilifu mwaka 1999. Kila nusu saa waendeshaji walinyamaza dakika tatu wasikilize mwito hafifu wa anayezama. Nimesimamisha mshale hapo muda mrefu. Ni mkoromo tu.

Jana usiku

L na D zimepotea. Mkoromo ulikuwa bado umepoa mahali pale pale, maana yake mnara unarusha, ila hautaji jina. Wakati wa matengenezo jina huondolewa, ili rubani asiutegemee. Nimelala na redio kando ya mto.

Leo saa kumi na mbili asubuhi zimerudi.