Upande wa pili wa futi

Mwaka 1998 nilikuwa katika kikosi kimoja hapa Unguja, nikachaguliwa pamoja na vijana wenzangu watano kujiandaa na mashindano ya kulenga shabaha. Kikosi sikitaji, wala mwalimu wetu. Bunduki yenye darubini ilikuwa moja tu, ya risasi za milimita 7.62, na kila mmoja wetu alikuwa na risasi tano kwa siku. Zikisha tano, unaondoka.

Darubini ile ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha: cha juu kwa kupandisha na kushusha, cha ubavuni kwa kulia na kushoto. Ukikizungusha unasikia kidoko, na kila kidoko kinausogeza msalaba unaouona ndani. Maandishi ya kwenye vifundo yalikuwa yamesuguliwa na mikono ya watu hata hayasomeki tena. Mwalimu akatwambia, "Kidoko kimoja ni sentimita moja kwa mita mia." Hivyo ndivyo alivyofundishwa kozini, na kwa darubini aliyofundishiwa ilikuwa kweli.

Siku ya kwanza matundu yangu matano yalikaa pamoja, nikiyafunika kwa kiganja, lakini yote yalikuwa sentimita 20 chini ya kitovu. Nikaambiwa nipandishe vidoko 20. Kesho yake yakapanda kwa sentimita 13 tu. Mwalimu akasema navuta kifyatulio kwa pupa. Siku ya tatu nikaongeza vidoko 7, yakapanda nne na nusu. Akasema mbele ya wenzangu kwamba mkono wangu unatetemeka, na kwamba nafasi yangu atapewa mwengine.

Usiku ule sikulala. Aibu ilikuwepo, lakini kilichonikosesha usingizi hasa ni hesabu. Kumi na tatu katika ishirini. Nne na nusu katika saba. Mara zote mbili pamepotea theluthi moja. Mkono ukitetemeka hutawanya matundu huku na kule, haukati theluthi. Matundu yangu yalikuwa bado yanafunikwa na kiganja kimoja.

Ijumaa nikaenda nyumbani Kikwajuni. Baba alikuwa seremala, na bandani kwake kulikuwa na futi ya mbao, ndefu, ya msaji, ambayo upande mmoja ina inchi na wa pili ina sentimita. Nikamwomba anikopeshe. Hakuuliza ya nini. Aliniambia tu nisiiache juani.

Jumamosi nilimfuata mwalimu. "Afande, naomba nipime darubini bila ya kupiga risasi." Alinitazama kwa muda, kisha akakubali, kwa sharti moja: boliti ya bunduki aliichomoa yeye mwenyewe akaitia mfukoni, na akakaa nyuma yangu muda wote.

Nikailaza bunduki juu ya magunia ya mchanga, nikaibana kwa magunia mengine mawili ubavuni isisogee hata nywele. Kwenye ubao wa shabaha tulikuwa tumebandika karatasi nyeupe ndefu. Mwenzangu alikuwa ndani ya handaki chini ya ubao, ameshika mti mrefu wenye ncha ya mkaa. Mimi naangalia ndani ya darubini, nanyoosha mkono juu, yeye anasogeza ncha. Ikifika katikati ya msalaba nauangusha mkono, na yeye anatia alama. Tukatia ya kwanza. Nikazungusha vidoko 40, nikivihesabu kwa sauti ili mwalimu naye asikie. Tukatia ya pili.

Nilikwenda mwenyewe na futi. Kama kila kidoko ni sentimita, alama zile zingeachana kwa sentimita 40. Nikapata 26 na nusu na ushei. Nikapima tena. Mwalimu akainama akapima yeye, akapata ile ile, akanyamaza.

Kwa hiyo darubini ndiyo iliyokuwa ikipunguza, si mkono. Hilo lilinitoa mzigo kifuani, lakini nambari yenyewe haikuniingia akilini. Ishirini na sita na nusu ni kitu gani? Nikaikunja karatasi nikarudi nayo kwa baba siku iliyofuata.

Alikuwa anapiga randa mlango. Nikamwamkia, nikatandaza karatasi juu ya meza, nikamweleza. Akaitazama futi namna nilivyoiweka.

"Umepima kwa upande gani?"

"Wa sentimita, baba." Ndio upande niliosomeshwa skuli.

Akaigeuza. Akaiweka sifuri juu ya alama ya kwanza, akafunga jicho moja. "Tizama. Inchi kumi na nusu, inapungua unene wa ukucha. Na umesema mara arubaini? Basi kila mara moja ni robo inchi na punje. Hii imetengenezwa na mtu wa inchi, mwanangu." Kisha akauliza lile ambalo hakuna aliyeliuliza kambini: "Na hizo mita mia, mlizipima kwa nini?"

Hatukuzipima. Tulikuta nguzo za saruji, na juu yake mtu ameandika 100 kwa rangi. Wazee walikuwa wakisema uwanja ule ni wa tangu enzi za Waingereza. Jumatatu tukavuta futikamba kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye ubao: mita 91 na karibu nusu. Yadi mia kamili, yadi zile zile zinazopimiwa vitambaa Darajani.

Baadaye nilisoma, nikaona jinsi hesabu ilivyokaa. Digrii moja hugawiwa dakika 60, na dakika moja ya pembe kwa yadi 100 ina upana wa inchi 1.047. Darubini yetu ilikuwa ikitembea robo dakika kwa kidoko. Vidoko 40 ni dakika 10, nazo ni inchi 10.47. Ile punje ya baba na ule unene wa ukucha vyote vilikuwa vya kweli. Darubini ya mwalimu ya kozini ilikuwa ya mili, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya masafa, na kidoko chake cha sehemu ya kumi ya mili ni sentimita moja kwa mita 100. Nilipokuwa chini kwa sentimita 20, nilihitaji vidoko 30.

Mwalimu hakuniomba radhi, ila alikata kipande cha plasta, akakibandika kwenye kitako cha bunduki na kuandika kwa kalamu: robo inchi, yadi 100. Nafasi yangu nikabaki nayo. Siku hiyo nikaongeza vidoko 3 vilivyokuwa vimebaki, na matundu matano yakakizunguka kitovu.

Karatasi ile nilimpelekea baba. Akapima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja mpaka ukingo wa nje wa la mbali kabisa. Nikamwambia atoe upana wa risasi moja, maana tunapima kati kwa kati.

"Kama njia ya msumeno, ule upana unaoliwa na meno yake," akasema. Akaichomoa penseli sikioni, akaitoa ile njia, akaandika jibu pembeni ya karatasi, kwa inchi.