Sababu ya Tatu ya Rufaa

Mwaka 2009, nikitumikia kifungo cha wizi jijini Dar es Salaam, nilimwandikia mzee mmoja wa Rufiji sababu zake za rufaa, na kila nikitafuta mahali maisha yangu yalipoanza kusimama tena, sioni pengine. Unga, yaani heroini, ulishanitoka mwilini tangu nikiwa mahabusu, kwa arosto, yale mateso ya kuukosa, tena bila dawa, nikitapika kwenye ndoo huku wenzangu wakinilaani kwa kuwanyima usingizi. Kilichokuwa hakijanitoka ni ulimi wa kiteja, ule unaoweza kumliza shangazi kwa msiba wa kubuni mpaka atoe nauli.

Mzee alikuwa amehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kusudio la kukata rufaa alikwisha kulitoa ndani ya siku 10 za kisheria, na baada ya kupata nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, alikuwa na siku 45 za kuwasilisha sababu zake kupitia kwa mkuu wa gereza. Hukumu yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya mahakama zetu wakati ule, kwa hiyo mtu aliyefungwa miaka 30 hakuweza kusoma kwa nini amefungwa. Hilo linanikera hadi leo.

Nilianza kwa mbwembwe za mke mgonjwa na watoto wenye njaa. "Mwanangu," akanikatiza, "mke wangu mzima. Niulize ya usiku ule." Nikamuuliza taa ilikuwa ya namna gani, akasema kibatari, tena cha chumba cha ndani. Nikarudi kwenye mwenendo mstari kwa mstari, nikaona kwamba shahidi hakueleza lolote kuhusu mwanga. Wafungwa wazoefu walilijua kwa kichwa shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ambamo Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu na hautegemewi mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe. Sababu ya tatu nikaiandika kwa sentensi moja kavu: kwamba hakimu alikosea kumtia hatiani mrufani kwa utambuzi wa usiku, ilhali shahidi hakusema mwanga ulitoka wapi wala ulikuwa mkali kiasi gani. Mzee akataka nimsomee tena, kisha akatia dole gumba.

Nilitoka kabla rufaa haijasikilizwa, na unga ukanipokea kijiweni kabla ya ndugu. Huduma ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilipoanza Muhimbili mwaka 2011, nilijiunga, nikawa ninakunywa dozi yangu mbele ya muuguzi kila asubuhi. Mshauri aliponitaka nisimulie historia yangu, nikaomba karatasi, nikaandika vile vile: tarehe, nani alikuwepo, nini kiliibwa na kiliuzwa kiasi gani. Leo ninaishi kwa kuwaandikia watu barua na madai yao, lakini maandishi yale ndiyo ya kwanza niliyompelekea kaka yangu. Aliyasoma yote, akasema redio yake ilikuwa na thamani zaidi ya nilivyoandika, nami nikarekebisha.