Ichelewe kidogo, mzunguko utulie

Kwenye programu za wakati halisi, jibu sahihi lililochelewa ni jibu bovu. Mimi naandika programu za kuendesha mota, na mota haina subira. Ndiyo maana naipenda mno aljebra moja yenye matendo mawili tu: kujumlisha, na kuchukua namba iliyo kubwa zaidi. Raymond Cuninghame-Green wa Uingereza alikuwa akiitumia kuchambua mitambo ya viwandani tangu miaka ya 1960.

Kujumlisha ni kufuatana: kazi moja ikiisha, nyingine inaanza. Kuchukua kubwa ni kungojana: kazi inayohitaji taarifa mbili huanza pale ile ya mwisho inapofika. Kinachonifurahisha ni kwamba sheria za shuleni zinabaki. Ukiongeza 3 kwenye kubwa kati ya b na c, unapata kubwa kati ya b + 3 na c + 3. Kinachokosekana ni kutoa, maana ukishachukua kubwa, ndogo imeshapotea.

Tuchukue kazi mbili. Ya kusoma kihisi hutumia milisekunde 3, na taarifa yake husafiri 2. Ya kuamua hutumia 5, na jibu lake husafiri 4 kurudi. Kila moja huanza duru mpya ikishamaliza yake ya zamani na kupokea taarifa ya mwenzake. Kama s na a ni nyakati za kuanza duru hii, za duru ijayo ni:

s mpya = kubwa(s + 3, a + 9)
a mpya = kubwa(s + 5, a + 5)

Kuna vitanzi vitatu, yaani njia zinazorudi pale zilipoanzia: cha kusoma peke yake, 3, cha kuamua peke yake, 5, na cha kwenda na kurudi, 14 kwa hatua mbili, yaani 7 kwa hatua. Kilicho kikubwa ndicho kinachotawala, kwa hiyo wastani wa duru ni milisekunde 7. Hapo ukitaka kupunguza wastani huo, lazima upunguze kitanzi cha kwenda na kurudi; vile viwili vingine havizuii chochote.

Lakini zianzishe zote kwenye sifuri uone. Usomaji utaanza 0, 9, 14, 23, 28. Nafasi ni 9, 5, 9, 5, bila kukoma. Wastani ni 7 kweli, ila mota inapelekwa kwa mrukoruko, na anayepima wastani tu hataona kitu.

Sasa chelewesha usomaji wa kwanza kwa milisekunde 2: s = 2, a = 0. Duru ijayo ni 9 na 7, kisha 16 na 14. Kila nafasi ni 7! Hakuna msimbo ulioharakishwa, hakuna kichakataji kilichonunuliwa. Mimi naona huo ni uzuri wa hali ya juu, na nashangaa kwa nini waandishi wengi wa programu hizi hawafundishwi mapema.

Muda halisi wa kazi hubadilikabadilika, bila shaka. Matendo haya mawili hayarudi nyuma: ukipunguza namba yoyote inayoingia, matokeo hayaongezeki. Kwa hiyo naweka vikomo vya juu vya muda, halafu naiachia saa ianzishe usomaji kila milisekunde 7, kuanzia ya 2. Taarifa ikiwahi, inasubiri. Kuchelewa haiwezi, maadamu vikomo vile ni vya kweli, na kuvipata ndiyo sehemu inayonila muda mwingi zaidi.