Mjomba, mwezi una siku ngapi?

Darubini yangu ni ya mtumba, na kioo chake cha kushoto kina ukungu usiofutika. Mara ya kwanza nilipokwenda nayo Snettisham, pwani ya Norfolk huko Uingereza, ilinionyesha matope. Matope mpaka macho yachoke, na mbali kabisa, kama pilipili manga iliyomwagika, ndege.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikajaza chupa chai ya tangawizi, nikaenda bila kulala. Jedwali lilisema maji yanajaa saa sita na nusu mchana. Yalijaa kweli, lakini yakaishia katikati ya matope kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Ndege wakaendelea kula kulekule walikokuwa.

Ghuba hii inaitwa The Wash, na msimu wa baridi hukusanya takribani ndege 400,000 wa majini. Bahari ikifunika matope yote, hawana pa kusimama, ndipo wanaruka tuta la kokoto na kuja kwenye mabwawa yaliyo nyuma yake. Mabwawa yenyewe ni mashimo ya kokoto yaliyochimbwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kujenga viwanja vya ndege, wale wa chuma. Leo wametua wenye manyoya.

Jioni nikampigia mjomba wangu aliye kwetu Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, anayevua kwa ngalawa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huko baridi?"

Nikamweleza. Akauliza mwezi una siku ngapi. Nikatazama simu, nikamwambia nane.

"Hayo si maji mafu? Hata pweza huambulii. Mtoto wa Kigombe unaniuliza mimi bamvua!"

Aibu ilinipata. Maji mafu hujaa kidogo tu, bamvua hujaa sana. Mama hakuhitaji jedwali. Mwezi ukitimia, alichukua kapu na mchokoo akaenda mwambani. Mimi nilisoma saa tu, ile safu ya mita pembeni sikuitazama. Siku ile yalikuwa yamepungukiwa karibu mita mbili. Bamvua la The Wash hupita mita 7, wakati kwetu mita 4 ni maji makubwa. Na saa zake ni nyingine: kwetu bamvua hujaa kwenye saa kumi, kule hujaa saa moja asubuhi. Kwa hiyo ni kuamka usiku, hakuna njia.

Juma moja baadaye, mwezi mpevu, nilikuwa juu ya tuta kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Safari hii maji yalikuja mpaka miguuni, na vitwitwi wa kijivu wanaoitwa knot, waliotoka Greenland na kaskazini mwa Kanada, wakainuka makumi elfu kwa pamoja. Walipopita kichwani, mbawa zao zililia kama mvua inayoingia kwenye makuti. Lakini bata bukini wa miguu ya waridi, ambao hasa ndio niliowafuata, hawakuonekana. Mama mmoja mzee mwenye darubini ya miguu mitatu akaniambia kwa upole: mwezi umewaka usiku kucha, wamekesha mashambani wakila masalia ya viazisukari.

Hapo ndipo hesabu ya mjomba ilipokamilika kichwani. Bamvua ni mawili kwa mwezi. Kama la mwezi mpevu lina mwanga, basi nilitaka lile la mwezi kuandama, lenye giza. Nikaomba kubadilishana zamu mwisho wa Novemba, siku mbili baada ya mwezi kuandama.

Nilivaa soksi jozi tatu, na bado vidole viliniuma. Bundi mweupe alipita chini chini juu ya nyasi za tuta, kimya kabisa. Nyumbani tungesema kuna msiba, nikajifanya sikumwona. Kulipoanza kupambazuka, kelele zikatokea huko majini, kama watoto wa shule wakigombea lango. Kisha mstari mmoja wa bukini, wa pili, halafu mistari ikajaa mbingu yote, ikielekea bara. Nilishusha darubini, maana kwa kioo kimoja kizima ningepata kipande tu.

Nyuma yangu maji yakawatoa vitwitwi. Walitua kisiwani bwawani wakibanana bega kwa bega, kokoto hazikuonekana tena. Kozi alipopita, kisiwa chote kikakung'utwa kama jamvi, kikatandikwa upya.

Nilimtumia mjomba video. Picha ilikuwa giza tupu, sauti tu za bukini. Akajibu baada ya swala ya adhuhuri: "Mashaallah. Wanaliwa hao?"