Siku moja na kompyuta mpakato mpya: macho yalishuka mara 61

Saa 1:50 asubuhi

Nilifika ofisini mapema kuliko kawaida kwa sababu mezani kwangu palikuwa na mgeni. Kazi yangu ni kuhariri ripoti na kutafsiri nyaraka, yaani mchana kutwa vidole viko juu ya kibodi na macho yako juu ya maneno. Mkuu wa kitengo aliponikabidhi kompyuta mpakato mpya jana jioni, alinipa pamoja na sharti: "Itumie kwa kazi halisi siku nzima, kisha uniambie kama nyongeza hizi zinastahili kulipiwa au tununue ile ya kawaida." Nyongeza zenyewe zilikuwa zimetangazwa kwenye boksi kwa herufi kubwa: ukanda wa mguso badala ya vitufe vya F1 hadi F12, tachipadi isiyobonyea, tarakimu zinazowaka juu ya tachipadi hiyohiyo, skrini ya mguso, kitufe cha akili mnemba, kisomaji cha alama ya kidole, na maikrofoni zilizoandaliwa kwa ajili ya imla. Kampuni iliyoiunda sitaitaja.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, nami najijua kuwa hupumbazwa na vitu vinavyong'aa. Kwa hiyo nilijiwekea kipimo ambacho hakingenipa nafasi ya kujidanganya: niliweka karatasi kando ya kompyuta, na kila mara macho yangu yatakapoacha maandishi na kushuka kutafuta kidole kiende wapi, nitachora mstari mmoja. Vile vijinundu viwili vilivyo juu ya F na J havikuwekwa kwa urembo, bali ndivyo vinavyoijulisha mikono kwamba imefika mahali pake bila kumsumbua mwenye mikono.

Saa 2:05 asubuhi

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hufungua kompyuta. Kisomaji kimefichwa ndani ya kitufe cha kuwashia, kwa hiyo kitendo cha kuwasha na kitendo cha kujitambulisha vimekuwa kitendo kimoja. Jambo hili si geni, kwani Windows Hello, huduma ya kujitambulisha kwa uso au kidole, ilikuja na Windows 10 mwaka 2015, na Apple wakaweka kisomaji cha aina hii katika MacBook Pro mwaka uliofuata. Alama yenyewe huhifadhiwa ndani ya mashine. Nilipotoka kunawa mikono ilinikataa mara mbili, nikaikausha, ikanikubali. Karatasi ilibaki nyeupe.

Saa 2:30 asubuhi

Nilianza na ripoti ya kurasa 46 iliyojaa masahihisho ya watu watatu. Hapa ndipo nilipokutana na tachipadi isiyobonyea, na nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kuidharau. Tachipadi za kawaida zimefungwa bawaba upande wa juu, kwa hiyo ukibonyeza karibu na kibodi unakuta ni ngumu kama ubao, na ukibonyeza chini inazama vizuri. Hii mpya haizami popote. Chini ya kioo chake kuna vihisi vinavyopima nguvu ya kidole na mota ndogo inayotoa mtetemo mfupi, na ubongo unadanganyika kabisa kwamba kitu kimebonyea. Nilizima mashine ili nihakikishe: nilibonyeza, nikakuta kioo kimekufa ganzi. Apple walianza kuitumia mbinu hii katika kompyuta zao mpakato mwaka 2015, na nilikuwa nimedhani muda wote huo ni mbwembwe tu. Sivyo. Kuchagua aya nzima kwa kuburuta kutoka juu hadi chini, bila kuhamisha kidole kutafuta sehemu laini, ni nafuu ambayo mkono uliizoea kabla sijamaliza ukurasa wa tano.

Shida yake ni ukubwa. Wabunifu wameipanua hadi kiganja cha mkono wa kushoto hakina pengine pa kupumzikia, na ingawa programu hujitahidi kutofautisha kiganja na kidole, mara mbili kishale kiliruka kutoka aya niliyokuwa nikiiandika hadi aya ya juu yake. Mara ya pili sikugundua hadi nilipokuwa nimeandika nusu sentensi kuhusu bajeti katikati ya sentensi inayohusu mafunzo. Ctrl na Z viliniokoa. Nilijiuliza ni nani aliyelalamika kwamba tachipadi ni ndogo hata ikabidi ikuzwe namna hii, maana mimi sijawahi kumsikia.

Saa 3:40 asubuhi

Sasa ukanda wa mguso, na hapa karatasi ilianza kujaa.

Mhariri huvitumia vitufe vya juu kuliko watu wanavyofikiri. F7 hukagua tahajia, F4 hurudia kitendo cha mwisho, Shift na F3 hubadilisha herufi ndogo kuwa kubwa. Vidole vyangu vinavijua kwa umbali: kidole cha kati cha kulia hupanda kidogo, hukuta pengo kati ya kundi moja la vitufe na jingine, kisha hubonyeza. Katika ukanda wa kioo hakuna pengo, hakuna ukingo wala kina. Kuna picha tu zinazobadilika kufuatana na programu iliyofunguliwa, na picha haiwezi kusomwa kwa kidole. Kila nilipoihitaji F7 nilishusha macho, nikaitafuta, nikaigusa, nikapandisha macho, kisha nikalazimika kuitafuta tena sentensi niliyokuwa naisoma. Kosa la sekunde mbili si kitu. Kinachouma ni kwamba mhariri akiipoteza sentensi huirudia tangu mwanzo.

Kibaya zaidi, Esc, kitufe cha kughairi, nayo imehamishiwa humo. Juu ya kitufe halisi kidole kinaweza kupumzika, lakini juu ya kioo kupumzika na kubonyeza ni jambo moja. Saa 4 kasoro dakika chache nilikuwa naandika maoni marefu kwa mwandishi wa ripoti, kidole cha kushoto kikaegemea kona ile, kisanduku kikafungwa na maoni yakaondoka nacho.

Ningeweza kulivumilia hili kama lingekuwa jaribio la kwanza duniani. Lakini Lenovo waliweka ukanda unaobadilika katika ThinkPad X1 Carbon ya mwaka 2014, na mwaka 2015 wakarudisha vitufe. Apple wakaingia na ukanda wao, Touch Bar, mwaka 2016, wakairudisha Esc ya kubonyeza mwaka 2019, na mwaka 2021 wakarudisha safu nzima katika MacBook Pro za inchi 14 na 16. Mwaka uliofuata Dell wakatoa XPS 13 Plus yenye safu ya mguso mahali palepale. Ni kama kisima ambacho kila anayepita huambiwa kimekauka, naye hushusha ndoo.

Saa 4:45 asubuhi

Kitufe cha akili mnemba kimekaa mahali palipokuwa na Ctrl ya kulia. Microsoft walikitangaza kitufe hiki cha Copilot, msaidizi wao wa akili mnemba, mwezi Januari 2024, wakisema ni badiliko kubwa katika kibodi ya Windows baada ya takriban miaka 30, yaani tangu kitufe chenye nembo ya Windows kilipoingia mwaka 1994. Sina ugomvi na msaidizi mwenyewe, kwani nilimwomba anifupishie barua ndefu akanifupishia vizuri. Ugomvi wangu ni wa kiwanja: mimi huhama kutoka neno hadi neno kwa Ctrl ya kulia pamoja na mishale, kwa mkono mmoja, huku mkono wa kushoto ukishika karatasi ya rasimu. Leo kila nilipojaribu, dirisha la msaidizi lilifunguka na kuniuliza anisaidie nini.

Nilipochunguza nilicheka. Kitufe hiki hakina ishara yake chenyewe. Kinachotumwa kwa kompyuta ni mchanganyiko wa Windows, Shift na F23, kitufe ambacho kibodi yangu haijawahi kuwa nacho. Kwa maneno mengine, kazi yake ingeweza kufanywa na vitufe viwili vilivyokuwapo, kama kazi nyingine zote zinavyofanywa, na Ctrl ikaachiwa kiti chake. Mipangilio iliniruhusu kukiagiza kifungue programu nyingine, ila si kukirudisha kuwa Ctrl.

Saa 6:10 mchana

Jambo lililonifaa kuliko yote asubuhi hii halikuandikwa kwenye boksi, na hata mashine ya zamani inalo. Ukibonyeza Windows pamoja na V, badala ya Ctrl na V, unaoneshwa orodha ya vitu ulivyonakili, hadi 25, uchague cha kubandika. Huduma hii iliingia katika Windows 10 mwishoni mwa mwaka 2018. Kukata, kunakili na kubandika kama tunavyovijua vilibuniwa na Larry Tesler na wenzake huko Xerox katika miaka ya 1970, na kwa muda mrefu sana ubao wa kunakili ulikumbuka kitu kimoja tu. Leo nilihamisha majina 11 ya vyeo kutoka hati moja hadi nyingine kwa safari moja badala ya safari 11. Hakuna taa iliyowaka wala mtetemo.

Saa 7:20 mchana

Imla. Niliingia chumba kidogo cha mikutano na kufunga mlango, kwa sababu mtu hawezi kuisomea kompyuta rasimu ya barua ya onyo mbele ya wenzake saba, na hilo peke yake linaipunguzia imla nusu ya thamani katika ofisi ya wazi. Google waliiongeza lugha yetu katika huduma ya kuandika kwa sauti mwezi Agosti 2017, kwa lafudhi ya Kenya na ya Tanzania, na tangu hapo imeendelea kuboreka. Niliitumia kupitia kivinjari. Kwa rasimu ya kwanza ilinipita mbali: kurasa mbili ambazo zingenichukua dakika 20 za kuchapa zilikuwa mbele yangu kwa dakika 8, na macho hayakuwa na sababu ya kushuka.

Ila Kiswahili hubeba maana nzito katika silabi ndogo. Nilisema "hatutaongeza muda", nami huenda niliimeza silabi ya kwanza, ikaandikwa "tutaongeza muda". Barua ingetoka hivyo ingeahidi kile hasa ilichokusudia kukataa. Pia "haijathibitishwa" ilikatwa vipande viwili, na ng' ilipoteza ritifaa yake mara kadhaa. Vituo niliviweka kwa mkono. Dakika nilizookoa katika kusema nilizitumia karibu zote katika kusahihisha. Hata hivyo siiweki pamoja na ukanda wa mguso, kwa kuwa mtu anayeumwa kifundo cha mkono, au asiyeweza kuchapa kabisa, haioni imla kama nyongeza, na kwake dakika 8 hizo ni kazi inayofanyika badala ya kazi isiyofanyika.

Saa 8:30 mchana

Mwenzangu anayeingiza takwimu aliomba kujaribu tarakimu zinazowaka juu ya tachipadi. ASUS waliitangaza mbinu hii mwaka 2018, na kwa macho inavutia: unagusa kona, na uso mweusi unageuka kuwa safu za namba.

"Dada, tano iko wapi?" aliniuliza akiwa anatazama karatasi yake ya hesabu, si tachipadi.

"Katikati, kaka."

"Katikati najua. Naiuliza kwa kidole."

Kwenye kibodi kamili tano ina kijinundu chake, kama F na J. Hapa hapana kitu. Aliingiza mistari sita, akakosea miwili, akarudi kwenye kibodi yake ya waya yenye herufi zilizofutika. Nilijaribu mwenyewe baada yake, nikachora mistari 9 mfululizo.

Saa 9:15 alasiri

Skrini ya mguso niliitumia mara mbili. Nilitia saini hati kwa kidole, saini ikafanana na ya mtoto lakini ikakubaliwa, na nilikuza ramani ili mgeni aliyekaa upande wa pili wa meza aione. Steve Jobs alisema mwaka 2010 kwamba uso uliosimama wima haufai kuguswa kwa muda mrefu kwa sababu mkono huchoka, na bega langu halina la kumpinga. Kwenye mashine ambayo skrini yake hukunjika kabisa na kulala kama kishikwambi, pamoja na kalamu, mambo ni tofauti. Hii haikunjiki.

Saa 10:20 jioni

Niliihesabu mistari kwenye karatasi. Ilikuwa 61: ukanda wa mguso 38, tarakimu 9, kitufe cha akili mnemba 6, na 8 ya hapa na pale ambayo ningeichora hata kwenye mashine yoyote nisiyoizoea. Kisomaji cha kidole hakikuwa na hata mmoja. Nilimwandikia mkuu wa kitengo barua fupi, nikaambatanisha picha ya karatasi yenyewe, nikapendekeza tununue ile ya kawaida yenye safu ya vitufe halisi, na mwenzetu wa takwimu apewe kibodi ya nje iliyo mpya badala ya kompyuta mpya.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache: "Na hiyo ya kawaida ina kisomaji cha kidole?"

Nilikagua maelezo yake, nikamjibu kwamba kinapatikana kwa kuagizwa. Aliandika, "Basi kiagizwe. Hiyo mashine iache mezani kwangu."

Niliirudisha ndani ya boksi lake, nikaifungua kompyuta yangu ya zamani ili nimalize ukurasa wa mwisho wa ripoti. Kidole changu cha shahada kilienda chenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, kikakaa pale kikisubiri, skrini ikaendelea kunidai nenosiri. Nililichapa, herufi zote 14.